Santuri Namba Arobaini na Moja

Wiki mbili baada ya mazishi ya Elisante, mkewe alinipigia simu Morogoro akaniambia kuna santuri moja nyumbani kwao Sombetini yenye jina langu, na kwamba marehemu alimwachia agizo isichanganywe na nyingine wala asipewe mtu mwingine. Nilimuuliza jina langu limeandikwa wapi. Akasema kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya jalada, kwa mwandiko wa marehemu mwenyewe. Nilimuuliza ni santuri ya nani. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi, akasema yeye majina ya wale Wamarekani hajui hata moja, anajua namba tu, na hiyo ni arobaini na moja. Niliishusha simu mapajani mpaka akafikiri imekatika. "Shemeji, upo?" Nikamjibu nipo, na kwamba Ijumaa nitapanda basi.

Mazishi sikuhudhuria. Nilituma rambirambi, nikasingizia mgongo. Mgongo kweli huniuma, lakini mtu mwenye mgongo mbovu anaweza kukaa kwenye basi akitaka. Ukweli ni kwamba sikutaka kusimama kaburini nisikie watu wakimsifu Elisante. Nakaribia kustaafu, nina mjukuu mmoja, na bado sikuwa tayari kumsikia mtu akisema mbele ya kipaza sauti kwamba marehemu alikuwa na sikio. Neno hilo nililisikia mara ya kwanza kwa Mwalimu Lembris, katika sebule ya nyumba ya chuo kule Olmotonyi, mwaka ambao nilikuwa na miaka ishirini na mitano na niliamini kwamba kila kilicho bora duniani kinapaswa kunifikia mimi kwanza kwa sababu nimesoma.

Ulikuwa mwaka wa ruksa. Maduka ya mjini Arusha yaliyokuwa na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, magari yaliyotumika Japani yalianza kuonekana hata kwa watu ambao hatukujua wanafanya kazi gani, na sisi tuliomaliza chuo kikuu tuliambiwa serikali haitapanga tena mtu kazi, kila mmoja akajitafutie. Tulikuwa kama watu waliopanga foleni mbele ya dirisha wakisubiri lifunguliwe, kumbe karani alikwisha toka kwa mlango wa nyuma. Nilipanga chumba Daraja Mbili, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na nilifundisha Kiingereza katika sekondari ya mtu binafsi iliyofunguliwa ndani ya ghala ambalo zamani lilihifadhi mbegu. Harufu ya dawa ya mahindi haikuwa imetoka ukutani. Wanafunzi walipiga chafya kuanzia kipindi cha kwanza. Nilibishana na kila mtu: na mwenye shule, na mchungaji, na mama mwenye nyumba ambaye alitaka kujua kwa nini mtu mwenye digrii anaanika shati moja tu.

Nilipanda Olmotonyi kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye chuo cha misitu. Karani aliniambia hakuna nafasi, nikamuuliza kama ameangalia au amekisia, tukaanza kubishana, na mzee mmoja mrefu aliyekuwa akipita na kipande cha gogo mkononi alisimama kutusikiliza kama mtu anayesikiliza mechi redioni. Huyo ndiye alikuwa Mwalimu Lembris, Mwarusha wa palepale chini ya Meru, aliyefundisha kutambua mbao kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Tulipomaliza, aliniita. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema, "Wewe msomi unauliza vizuri. Njoo Jumamosi, ukaulize na muziki."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika ile sebule. Mpaka leo naweza kuipanga upya kwa macho yaliyofumbwa: viti vyenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono na marehemu mkewe, meza ndogo, picha ya harusi iliyopauka, na ukutani kabati la mti wa loliondo alilolichonga mwenyewe kwa ajili ya santuri zake. Alipokuwa kijana alipelekwa Ulaya kusomea misitu, akarudi na ugonjwa wa jazi. Siyo jazi tuliyoijua sisi, ya bendi za dansi. Ile ya Wamarekani weusi, ya piano na saksafoni, isiyokuwa na maneno wala mahali pa kuingilia kucheza. Kila santuri aliibandika namba, kwa karatasi zilezile ndogo alizobandika kwenye vipande vya mbao darasani, na zote aliziandika kwenye daftari moja lenye jalada gumu. Alikuwa na sheria moja. Sindano ya gramafoni haishushwi na mtu ila yeye, mpaka siku atakapoona mtu amestahili. Hakusema kustahili ni nini. Nilimuuliza. Akasema, "Ukiuliza hivyo, bado."

Nilikwenda kila Jumamosi mchana kwa miezi mitano. Nilipanda kwa miguu kutoka Ngaramtoni, katikati ya misindano iliyopandwa kwa mistari, viatu mkononi kama kuna tope. Dada yake mkubwa, ambaye sote tulimwita Yeyo kama Waarusha wanavyomwita mama, alitupikia loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa ya mgando, akatuletea kwenye bakuli za bati. Mwalimu alishusha sindano, tukasikiliza upande mzima bila kusema neno, kisha akaniuliza nimesikia nini. Nami nilizungumza. Nilizungumza habari za utumwa, za miji ya kaskazini ya Amerika, za uhuru na umbo. Nilisoma vitabu vya maktaba ili niwe na la kusema. Mwalimu alinisikiliza kwa furaha, na aliwaambia wageni kwamba huyu kijana ana mdomo. Nilidhani ni sifa. Kila Jumamosi niliutazama mkono wake ukienda kwenye ile sindano, nikajiambia labda leo ataniambia shusha wewe.

Elisante nilimpeleka mimi mwenyewe. Hilo ndilo lililoniuma kwa muda mrefu kuliko yote. Mkanda wa gramafoni ulikatika, Mwalimu akahuzunika kama amefiwa, nami nikakumbuka kijana wa soko la Kilombero aliyeuza vipuri vya redio juu ya meza, Mchaga mwenzangu, tuliyekuwa tukisalimiana naye kwa sababu ya lugha. Alikuwa ameishia darasa la saba. Alikuja na mkasi na mpira mweusi mfukoni, akapiga magoti mbele ya gramafoni, akaifungua, akakata mpira, akaufunga, na baada ya nusu saa sahani ikazunguka. Mwalimu akaweka santuri ili kujaribu. Sisi sote watatu tukasikiliza. Ilipoisha, kabla sijafungua mdomo, Elisante akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, "Huyu wa tromboni mwishoni amechoka midomo."

Mwalimu alimgeukia polepole. Akamuuliza amejuaje. Elisante akasema yeye anapiga tromboni kwenye kikundi cha tarumbeta cha kanisani, na ikifika ubeti wa tano wa wimbo mrefu mdomo hulegea hivyo hivyo, sauti inaingia kwa pembeni. Mwalimu alirudisha sindano, wakasikiliza tena kipande kile, mara tatu, vichwa vimekaribiana. "Ana sikio," Mwalimu akasema, akimwambia Yeyo, akiiambia picha ya harusi, akiwaambia wote isipokuwa mimi. Wiki ya tatu tangu hapo, tulipokuwa tumekaa, alimwonyesha Elisante gramafoni kwa kidevu tu, akasema, "Shusha." Elisante akafuta kidole kwenye suruali, akashusha. Hakuna mlio uliotoka, hata mkwaruzo. Niliangalia loshoro yangu. Nilihisi kama mtu aliyebeba mgeni mgongoni kuvuka mto, kisha mgeni akapewa kitanda chake.

Sijui niuelezeje wivu ule bila kuupamba. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa kuhesabu. Nilihesabu Mwalimu amemtazama mara ngapi, mimi mara ngapi. Niliona kwamba Elisante akichelewa, Mwalimu huangalia barabara, lakini mimi nikichelewa huanza bila mimi. Niliona kwamba chakula kikiisha Elisante hukusanya bakuli na kuzipeleka jikoni, na hukaa huko na Yeyo wakicheka, nikasema moyoni anajipendekeza. Siku moja Yeyo alikuja kuchukua bakuli yangu akanikuta nimekaa palepale na kitabu. "Msomi," akasema, "hiyo bakuli ina miguu? Mwenzako njia ya jikoni anaijua." Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Elisante hakucheka. Jambo hilo pia nilimwekea kinyongo. Nilipofika Daraja Mbili nilijiuliza maswali ya msomi: sikio ni nini? Je, linaweza kupimwa? Kwa nini mtu anayeuza nyaya sokoni asikie kitu ambacho mimi nimekisoma? Hakuna hata swali moja kati ya hayo ambalo nilimuuliza Elisante.

Mwezi wa kumi Mwalimu alitutangazia kwamba anastaafu, na kwamba Jumamosi ya mwisho kabla ya kuhama nyumba ya chuo tutasikiliza kwa kuagana na hiyo sebule. Chuo, alisema, watampa mabati na saa ya ukutani kama wanavyowapa wote. "Ninyi msiniletee saa. Nileteeni kitu cha kusikiliza, kila mmoja santuri yake, nione mmejifunza nini." Alisema kwa mzaha, lakini niliusikia kama mtihani, na mitihani ndiyo kitu pekee nilichowahi kukiweza maishani. Nilimtazama Elisante. Alikuwa akimtazama Yeyo mlangoni, na Yeyo alikuwa ameinamisha kichwa.

Nililishughulikia jambo hilo kama tasnifu. Nilijiuliza, mtu mwenye santuri nyingi hivyo anakosa nini? Na jibu lilikuwa mbele yangu kwenye kabati. Kati ya santuri namba arobaini na namba arobaini na mbili palikuwa na pengo, upana wa kidole kidogo. Zile nyingine alizibana zikasimama wima, lakini pengo lile hakulifunga. Mtu anayeacha nafasi, nilijiambia, anasubiri kitu kirudi. Mwalimu alipotoka kumsalimia jirani, nilifungua daftari kwenye ukurasa ule. Mstari wa arobaini na moja ulikuwepo, jina la mpiga piano na wenzake wawili, mwaka, lebo, vyote kwa wino wa bluu, na haukuwa umekatwa. Nilinakili kwenye kiganja. Moyo ulinienda mbio kama wa mwizi, nami nilikuwa mwizi. Elisante alikuwa ameingia kutoka jikoni na bakuli mkononi. Aliniona.

Nilitafuta kwa wiki tano. Wahindi wa maduka ya zamani walinionyesha nyimbo za filamu, na rafiki aliyekwenda Namanga aliniletea kaseti ya kwaya. Mwishowe nilisikia kuna familia ya Wazungu wa mradi wa maji, kule Ilboru, wanaorudi kwao na wanauza vitu vya ndani. Nilimkuta mama wa nyumba hiyo amekaa katikati ya masanduku akilia kwa sababu alitaka kuwaandikia wafanyakazi wake barua za sifa na Kiswahili chake hakikutosha. Niliziandika mimi: ya mpishi, ya mtunza bustani, ya mlinzi, ya yaya wa watoto, siku tatu mfululizo, nikiwasikiliza kila mmoja akieleza anachotaka kisemwe. Akaniambia nichague chochote kwenye sanduku la santuri. Ilikuwa ya saba kutoka mbele. Nilitoka pale nimeikumbatia kifuani, mvua ikinyesha, nimelivua koti kuifunika. Sikuisikiliza. Sikuwa na gramafoni, lakini hata kama ningekuwa nayo nadhani nisingeisikiliza. Nilikwisha jua ndiyo jibu.

Siku mbili kabla ya ile Jumamosi, Elisante alinisubiri nje ya ghala letu la shule. Alikuwa na vumbi la Sombetini mpaka magotini. Alisema ana neno, kuhusu ile namba niliyokuwa nikiiangalia kwenye daftari. Nilimkata. Nilidhani anataka kujua nimepata nini ili atafute kikubwa zaidi.

"Aminieli, ngoja nikwambie kitu nilichoambiwa na Yeyo."

"Kila mtu atafute chake, Elisante. Usinifundishe."

Alikuna shingo. Aliniambia basi, Jumamosi, na akaondoka. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko dakika nyingine yoyote maishani mwangu, hata zile za harusi yangu. Mimi niliyeuliza maswali ya kila kitu, niliyemuuliza mchungaji nani alimwona Yona tumboni, nilikataa kumuuliza mtu swali moja, "Kitu gani?", kwa sababu jibu lingetoka kwake.

Jumamosi ile Yeyo alichinja kuku. Vitu vingi vilikuwa vimefungwa tayari, viti vimevuliwa vitambaa, kabati tu lilibaki limejaa. Elisante alitoa zawadi yake kwanza: santuri chakavu, jalada lake limeshonwa pembeni kwa uzi wa viatu, ambayo aliipata kwenye marobota ya mitumba na kuisikiliza dukani kwa rafiki yake kabla ya kuichukua. Ya watu wa tromboni. Mwalimu aliigeuza, akasoma, akasema hii sina. Alifurahi kama mtoto. Nikaona zamu yangu imewiva. Niliitoa yangu kwenye gazeti, safi, pembe zote nne hazijakunjika, nikaiweka mikononi mwake, na kwa kuwa sikuweza kujizuia nikasema, "Arobaini na moja, Mwalimu. Pengo limejaa."

Niliona uso wake ukibadilika, nikadhani ni furaha imemzidi. Akaiweka mezani, picha chini. Alinishukuru kwa sauti ya kawaida, sauti ya kumshukuru mtu aliyekupisha njiani, kisha akamwambia Elisante tuanze na yako. Tukaisikiliza ya tromboni pande zote mbili. Yeyo hakuleta chai. Nilipotoka nje kumtafuta nilimkuta nyuma ya nyumba, kwenye bustani ya mboga, ameketi juu ya kinu, na pale ndipo aliponiambia, bila kunitazama. Mke wa Mwalimu hakuipenda jazi hata siku moja, aliiita kelele za mabati, ila ile ya piano aliipenda, na alimwomba aipige kwa nguvu ili aisikie akiwa shambani. Alasiri moja Mwalimu aliipiga kwa nguvu. Mkewe alianguka hapo kwenye matuta, akaita. Majirani wa ng'ambo walimsikia akiita. Mwalimu alikuwa sebuleni na mlango umefungwa, akasikiliza mpaka upande ulipoisha. Aliivunja kwa goti siku ya pili baada ya kuzika. "Lile pengo," Yeyo akasema, "hulitazama kila asubuhi. Hajawahi kutaka lijazwe." Kisha akaniuliza, na kwa mara ya kwanza hakuniita msomi, kama Elisante hakuniambia. Nikasema hakuniambia. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kumhusu, maana alikuja kuniambia nikamkata.

Sikurudi sebuleni kuaga. Niliteremka moja kwa moja, na wiki nzima sikutoka chumbani ila kwenda kufundisha. Jumapili iliyofuata, akitoka kanisani na tromboni yake ndani ya mfuko wa sandarusi, Elisante alibisha hodi Daraja Mbili. Alikuwa na jani la sale mkononi, lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani kwetu Uchagani. Likifungwa fundo likapelekwa kwa uliyemkosea, hana ruhusa ya kulikataa. Akilikataa kosa linahamia kwake. Alikuwa amelitoa kwao Machame, akalifunga fundo tayari. Aliniambia nimpelekee Mwalimu, basi, jambo litakwisha. Nilimwambia Mwalimu ni Mwarusha, jani la Wachaga linamhusu nini. Nilimwambia mimi siamini katika majani. Nilimwambia mengine ambayo sitaki kuyaandika. Ningeamini jani lolote lile kama lingetoka mkononi mwa mtu mwingine. Aliliweka kwenye kizingiti cha dirisha, akasema ukibadili mawazo lipo, akaenda. Niliporudi kutoka kazini siku ya pili halikuwepo. Nikadhani mama mwenye nyumba amelitupa.

Januari nilipata kazi Morogoro. Sikuaga mtu. Mwalimu alihamia nyumba yake ya Ngaramtoni, akaishi miaka mingi, na nilisikia Elisante ndiye aliyebeba kabati, ndiye aliyempeleka hospitali ya macho, na ndiye aliyeachiwa santuri zote. Habari hizo ziliponifikia, nilisema ndiyo, bila shaka, kwani nani mwingine. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu nikasema hivyo, mbele ya mke wangu, na mke wangu akaniuliza Elisante ni nani mbona sijawahi kumtaja.

Ijumaa ile nilifika Sombetini alasiri. Mama Neema, mke wa Elisante, alinipokea kwa adabu zote, akaniingiza sebuleni. Kabati la loliondo lilikuwa pale. Nililigusa kabla sijakaa. Santuri zilisimama kwa namba, na kati ya arobaini na arobaini na mbili hapakuwa na pengo. Karatasi yenye jina langu ilibandikwa kwenye kona, na chini yake, kwa wino wa bluu ambao sikuhitaji kuambiwa ni wa nani, namba ndogo: 41. Niliitoa. Jalada lilikuwa limelainika kwa kushikwa. Nilipoivuta sahani nje, kitu kikavu kikaangukia mapajani mwangu. Jani la sale, limegeuka rangi ya ugoro, na fundo lake bado limekaza.

Nilimuuliza Mama Neema. Akashangaa kwamba siijui habari yangu mwenyewe. Alisema marehemu alimsimulia kila mwaka: wewe ulipata safari ya ghafla ya kazi, ukamwachia Elisante hilo jani, ukamwambia mpelekee Mwalimu kwa niaba yangu. Mwalimu alilipokea akacheka, akasema kwao wangekuja na majani ya malishoni mkononi, lakini jani ni jani. Alikaa nalo siku tatu. Siku ya nne aliandika namba. Na tangu mwaka uliofuata, kila siku ya kumbukumbu ya mkewe, wawili hao waliisikiliza, na Mwalimu alipofariki Elisante aliendelea peke yake. Nilimuuliza nani alikuwa akishusha sindano. Swali lilinitoka kabla sijalizuia. "Marehemu," akasema. "Mwalimu mkono ulikuwa unatetemeka."

Nilikaa na lile jani kiganjani, na nitakuwa mwongo nikisema nilihisi shukrani tu. Nilihisi wivu ule ule wa zamani, umekuja umekaa pembeni yangu kama mtu anayenijua. Hata msamaha wangu aliuomba yeye, akapewa, na akasikiliza santuri yangu zaidi ya mara thelathini huku mimi nimekaa Morogoro nikimwonea wivu kwa mambo madogo zaidi. Sikujua kuna jambo kubwa hivi la kuonea wivu. Na sasa siwezi hata kwenda kumwambia.

Mama Neema aliwasha gramafoni. Alisema nishushe mimi, ndivyo alivyoagizwa. Nilifuta kidole kwenye suruali. Sindano ikakwaruza, mlio mbaya uliojaa chumba kizima, nikainua, nikashusha tena, ikakubali. Niliponyoosha mkono kuongeza sauti akanizuia: Mwalimu na marehemu hawakuwa wakiongeza, akasema, ilikuwa chini hivi hivi, na mlango wa jikoni wazi. Akaenda zake. Piano ikaanza, mbali, kama inapigwa nyumba ya tatu, na ilibidi niinamie spika ili niisikie santuri niliyoichagua mwenyewe na sikuwahi kuisikia. Nilisikia mkono wa kushoto. Nilisikia mpiga piano akivuta pumzi. Nilisikia, katikati ya hayo yote, sufuria ikifunikwa, na sauti ya mwanamke kutoka jikoni.

"Shemeji, njoo unisaidie vikombe."

Nikasimama, nikaenda.